Mama Mmoja wa Kanisani

Siku hizi wakili akiteuliwa serikalini hufutwa kichwani wateja wote aliowahi kuwatetea, asije akampendelea mtu. Kumkumbusha ni kosa: yeye hufukuzwa kazi, na aliyemkumbusha hufungwa.

Mwanangu Eliamani ameteuliwa kamishna wa ardhi. Mteja wake wa kwanza nilikuwa mimi, shemeji zangu walipotaka kunitoa kwenye nyumba ya marehemu.

Jumapili nilimpelekea machalari ya ndizi na nyama. Mkwe wangu Anande akawahi kunitambulisha, "Ni mama mmoja wa kanisani."

"Shikamoo, mama. Karibu," akasema mwanangu, akaniachia kiti chake. Alikula mpaka akalamba vidole. "Anande, hebu mwombe mama akufundishe."

"Kwani mimi nakupikia mawe?" Anande akajibu, lakini hakucheka.

Nilipoaga, mwanangu alinisindikiza mpaka getini, akaniuliza ninakaa wapi.

"Kwenye nyumba ya marehemu mume wangu. Ndugu zake waliitaka, wakili akanitetea."

"Ulipata wakili mzuri. Yuko wapi siku hizi?"

Anande alikuwa mlangoni na mjukuu wangu mgongoni, ananitazama.

"Mungu amrehemu," nikasema.

"Pole sana, mama," akasema mwanangu, akanifungulia geti.