Sigara ya Matangani

Mambo yaliharibika ile Jumamosi ya kuanua matanga ya mke wangu, mwaka wa tisini na tano, hapa Lusahunga. Wanaume tulikuwa tunazima moto wa matanga. Binti yangu Priscila akainama, akachukua kijinga cha moto, akawasha sigara mbele ya wazee.

"We mtoto! Na mama yako kafa kwa kifua!" shangazi yake akafoka.

Hakutikisika. Aliishika kwa vidole viwili, jicho moja kalifumba, kama yule mwanamume wa kwenye filamu inayoonyeshwa banda la video la hapa kijijini. Hilo banda la video wakubwa wa kata ndio walioliruhusu, eti madereva wa malori ya wakimbizi wachangamke. Watoto wetu wakajaa humo. Ukilalamika, unaambiwa ni maendeleo, na wao wenyewe wamekaa viti vya mbele.

Nikainua mkono nimpige. Nikaona machozi yanamtiririka mpaka kwenye sigara. Ikalowa, ikazimika.

"Baba," akasema, "yule wa kwenye video alipomzika mkewe alivuta moja tu, akaacha kulia. Mimi navuta tangu jana. Mbona bado nalia?"