Shanga za Udongo

Faraja alikuja akasimama karibu na moto wetu, na hakuna aliyemfukuza, kwa sababu sote tuliduwaa kwa ujasiri wake.

Sisi wafinyanzi wa huku Kinole ni wanawake. Tangu enzi za bibi zetu, mwanamume hasogelei moto wa vyungu. Akisogea, vyungu hupasuka. Na Faraja, mtoto wa marehemu mdogo wangu, tumemlea kama kijana wa kiume.

“Shikamoo, mama mkubwa,” alisema. “Kabla hamjawasha moto, niliweka sanamu yangu humo. Ni mimi mwenyewe.”

“Marahaba. Basi umeshatuharibia kazi ya mwezi mzima!”

Moto ulikuwa umebaki majivu. Nilichukua fimbo nikaanza kufukua. Chungu cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili nacho kizima, na vyote vilivyofuata. Katikati ya vyungu hivyo ilisimama sanamu nyekundu, ndefu kama mkono wangu.

Uso ulikuwa wa Faraja, hata lile kovu la kwenye nyusi. Mabega mapana yalikuwa yake. Lakini kifuani palikuwa na matiti machanga, na kiunoni alikuwa amejizungushia shanga za udongo, punje moja moja, ndogo kama mtama. Hakuna hata punje moja iliyoingia ufa.

Nimefinyanga tangu utotoni. Mikono hii haijawahi kutoa kitu kama kile.

Wenzangu wote walinigeukia, wakingoja niseme neno.

“Mnanitazama nini?” niliwauliza. “Sogeeni, mwenzetu akae.”