Chumba cha Uani

Fundi Shomvi alipomaliza kupaka rangi ukuta wa tatu, Bi Zuhura alikuwa bado amesimama mlangoni, hachoki kutazama. Waridi laini, yenye joto, kama shavu la mtoto aliyetoka usingizini. Miaka kumi na tisa aliiomba rangi hiyo chumbani mwake, na kila mara mumewe, Kheri, alimjibu kwamba watu wazima hawalali ndani ya peremende.

Asubuhi hiyo fundi alibisha hodi, akasema katumwa kupaka chumba cha mke. Zuhura hakuuliza mke yupi. Mke alikuwa yeye peke yake.

Kheri aliporudi alisimama ghafla kizingitini.

“Nani kakwambia upake humu?”

“Si ulisema chumba cha mke, bwana?”

“Kile cha uani!”

Zuhura akageuka. “Cha uani si uliniambia cha wageni?”

Kheri akatazama ndoo ya rangi. “Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia, Zuhura. Anakuja Ijumaa. Rangi kaichagua mwenyewe.”

Fundi akakohoa. “Kuta hizi nizirudishie weupe, mama?”

“Zirudishie.”

Lakini kwanza Zuhura aliubandika mkono wake kwenye rangi mbichi, mpaka kiganja kikaenea waridi. Kisha akawapita wote wawili, akavuka ua, akaingia chumba kipya kilichonukia saruji. Akapachagua pale kitakapokaa kitanda, juu kidogo ya mahali pa mto, akaukandamiza mkono ukutani.