Ngiri Adai Dawa Kali

Mtoto wa Ngiri alilazwa hospitalini akiwa na jeraha lililotunga usaha. Daktari Korongo, mwenye haraka siku zote, akamwandikia dawa kali kuliko zote. Kakakuona, mfamasia wa wodi, akamzuia.

"Daktari, tuanze na ya kawaida huku tukipima usaha. Tukiitumia hiyo kali ovyo, vijidudu vitaizoea."

"Mchoyo wewe!" Ngiri akamfokea. "Mwanangu akifa je?"

Korongo akakubali, mtoto akaanzishiwa dawa ya kawaida. Majibu ya maabara yalipotoka, daktari alishusha pumzi. Vijidudu vile tayari vilikuwa sugu kwa dawa kali, kwa kuwa imetumiwa ovyo hapo awali, lakini ile ya kawaida iliviua. Mtoto akapona.

Ngiri, machozi yakimtoka, akamkumbatia Kakakuona bila kujali magamba yake.

"Asante, dada. Ungenisikiliza, leo ningekuwa nazika."