Betri Iliyovimba

"Ni wewe uliyenichongea! Tangazo langu limefutwa mtandaoni, eti mtu binafsi haruhusiwi kuuza betri ya baiskeli ya umeme. Umeniziba riziki, Mama Pacha!" fundi alimfokea jirani yake mlangoni, betri mikononi ndani ya kitambaa.

"Ndiyo, ni mimi. Imevimba kama shavu lenye jino bovu. Unataka ikamuunguze nani?"

"Mteja wangu huyo anapanda ngazi. Mtandao wa nini tena?"

Mteja alifika akihema, mtoto mgongoni, akanyoosha mikono aipokee.

"Naweza kuichaji usiku, kaka? Chumba chetu kimoja, tunalala humo humo."

Joto la betri lilipenya kitambaa, likamfikia fundi viganjani. Hakuiachia.

"Siiuzi, dada."

Mama Pacha akafungua mlango wake wazi.

"Ipeleke uani, mbali na nguo zangu nilizoanika. Halafu njooni ndani mle chakula, nyote."