Gasketi ya Boksi

Pampu ya oili ya pikipiki ya Kombo ilikufa asubuhi ya ndoa ya binti yake. Pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, na Kombo ndiye walii wa kumwozesha. Asipofika ng'ambo ya mlima kabla ya adhuhuri, ndoa haifungwi.

Shemeji yake, fundi Ngwali, alifunga pampu nyingine. Gasketi za aina ile, vile vipande vya kuziba kati ya pampu na injini, hazipatikani tena, kwa hiyo alikata moja kwenye karatasi ngumu ya boksi na kuitoboa kwa nyundo na kibomba chenye makali. Kombo alimsimamia kichwani.

“Shemeji, unafunga pampu au unashona kanzu?”

“Tulia. Tukiwasha, nione kwanza kama oili inarudi kwenye tangi. Isipozunguka, injini itakaba njiani ikuangushe.”

“Utachungulia tangi mpaka bwana harusi aote mvi!”

Kombo akapiga kiki. Injini ikanguruma vizuri, naye akaondoka akicheka.

Ngwali akaanza kupangusa meza. Viduara vya boksi vilivyotoka kwenye matundu vilikuwa bado pale. Vilikuwa vitatu. Matundu yalitakiwa manne: mawili ya boliti, mawili ya kupitisha oili. Akainama chini ya meza, akakung'uta matambara, akapekua hadi mifuko yake. Boliti zote mbili zilipita, kwa hiyo tundu alilolisahau lilikuwa moja la oili.

Akakimbilia barabarani akiita. Mngurumo ulikuwa tayari umefika juu mlimani. Kisha ukakatika ghafla.

Ilipofika jioni gharama ilijulikana: pistoni moja, mguu wa kulia wa Kombo uliovunjika alipoanguka, na bibi harusi aliyekuwa bado amekaa na hina yake, akisikilizia mngurumo barabarani.