Mipira ya Injini

Waasi walikuwa wakinyang'anya kila gari zima mjini. Fundi Nassoro, injini mpya ikining'inia kwenye mnyororo, alishika mipira ya kuikalishia: myeusi, minene, ya kumeza mtetemo wote.

"Tia chuma tupu," mke wake akasema.

"Chuma juu ya chuma? Gari itatetemeka kama mugonjwa wa homa!"

"Njo vile nataka, itetemeke."

Walifika na gari hiyo kwenye kizuizi cha waasi milango ikigongana, na meno yao pia. Mwasi mmoja aliweka kiganja kwenye boneti, akakitoa upesi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Papa, hii iko gari ao mashine ya mpunga? Pita!"

Wakapita! Barabara ya Banalia ikafunguka mbele yao. Baada ya kilomita kumi, mke wake alifungua kitenge kiunoni, akatoa mipira yote minne, bado ina joto la mwili wake.

"Bon, fundi. Simamisha gari."